Mizunguko 462 Kati ya 500: Je, Kosa ni la Urefu wa Mbio?

WASOMAJI WANAULIZA

Barua kuhusu mbio za magari ya stoku (magari ya mbio yenye umbo la magari ya kawaida), zile za NASCAR, chama cha mbio cha Marekani, zimewagawa wasomaji wetu wa Dar es Salaam kambi mbili. Wapo wanaosema mbio ni ndefu mno na mshindi anajulikana mapema. Wapo wanaosema ukipunguza mizunguko umeua mchezo. Tumechagua barua zinazogusa kiini cha ubishi huu, na msimamo wetu tunautoa tangu mwanzo: urefu hauzai ubabe. Ubabe unatoka kwenye tairi na kwenye hewa.

Ndugu mhariri, Septemba 2024 pale uwanja wa Bristol dereva Kyle Larson aliongoza mizunguko 462 kati ya 500. Sisi tulikesha kuanzia saa nane usiku, na kabla ya nusu watu wameshalala kwenye viti. Zingekuwa mizunguko 300 si tungepata mbio za maana? – Msomaji, Sinza

Hapana, ndugu yetu. Larson alishika uongozi mapema na karibu hakuuachia, kwa hiyo mizunguko 300 ya kwanza ilikuwa yake sawasawa na 200 ya mwisho. Alimwacha Chase Elliott kwa zaidi ya sekunde 7, na hapo ni uwanja ambao mzunguko mzima unakwenda kwa takriban sekunde 16. Ungekata mizunguko 200, ungepata mbio zilezile za mtu mmoja, ila fupi.

Sasa ziweke pembeni mbio hizo uangalie za Machi mwaka huohuo. Uwanja ni uleule wa Bristol, zege lilelile, maili 0.533 kwa mzunguko, yaani kama mita 858. Mizunguko ileile 500. Uongozi ulibadilika mara 54 na madereva 16 walipokezana mbele. Denny Hamlin akashinda, na magari matano tu ndiyo yaliyomaliza bila kupitwa mzunguko mzima. Urefu haukubadilika hata mita moja. Kilichobadilika ni jinsi tairi lilivyokula.

Kwa kawaida zege la Bristol linapokea mpira. Tairi linasuguliwa, mpira unajibandika kwenye njia ambayo magari yanapita, na baada ya muda gari linakimbia kwa mpira juu ya mpira, hivyo uchakavu unapungua. Machi ile mpira haukujibandika. Ulikatika punje punje, ukarushwa juu kwenye mlalo wa kona, na aliyetoka nje ya njia alikuwa kama anakanyaga kokoto. Matairi yaliisha hadi nyuzi za ndani baada ya mizunguko hamsini hivi, hata NASCAR ikaziruhusu timu kupata seti ya ziada ya matairi mbio zikiendelea. Dereva aliyekanyaga mafuta bila hesabu baada ya kutoka piti (kituo cha kubadili matairi na kujaza mafuta) alipitwa na kila mtu mizunguko ya mwisho ya tairi lile. Aliyetulia akaokota nafasi.

Septemba tairi lilishika vizuri mwanzo hadi mwisho. Kila dereva aliweza kwenda kasi ileile tangu anatoka piti mpaka anarudi. Hapo akili ya kutunza tairi haina kazi, na aliye mbele anabaki na faida ambayo fundi wa Gerezani anaiuliza hapa chini.

Mimi ni fundi gari Gerezani. Naona kwenye muda wa mizunguko gari la pili lina kasi kuliko la kwanza likiwa mbali. Likifika nyuma ya bampa linakwama. Injini zina nguvu sawa. Shida iko wapi? Na ile nati moja ya katikati ya ringi, inafunguka kwa sababu ni moja?

Iko kwenye pua ya gari, fundi. Gari la sasa, lililoanza kutumika msimu wa 2022, lina sakafu bapa kwa chini na mfereji wa kutolea hewa nyuma. Likiwa peke yake, hewa tulivu inagonga pua, inapita kasi chini ya sakafu, na gari zima linavutwa kwenye lami. Likiwa urefu wa gari moja au mawili nyuma ya jingine, linapokea hewa iliyokwisha kukorogwa. Pua inakosa mgandamizo. Dereva anakata usukani, matairi ya mbele yanateleza kuelekea ukutani, gari linagoma kuingia kona. Anaachia mafuta asubiri lishike, na katika ile nusu sekunde gari la mbele limeshatoka.

Akilazimisha mizunguko kadhaa mfululizo, hali inakuwa mbaya zaidi. Tairi la mbele kulia ndilo linalobeba kona, kwa kuwa viwanja vya duara vinakwenda kushoto. Likiteleza linapata joto, joto linapandisha upepo ndani, tairi linavimba katikati na sehemu inayogusa lami inapungua. Linateleza zaidi, linapata joto zaidi. Ndiyo maana utaona gari la pili linasogea, linakaa nyuma mizunguko mitano sita, kisha linaachwa. Dereva hajakata tamaa. Anarudi nyuma kupoza tairi.

Mengine matatu yanaongeza uzito kwenye tatizo hilo. Kwanza, sehemu nyingi za gari hili zinanunuliwa na timu zote kwa wauzaji walewale, hivyo tofauti ya kasi kati ya gari la kwanza na la kumi ni ndogo. Ukiwa na faida ndogo ya kasi huwezi kuilipia hasara ya hewa. Pili, ringi zimetoka inchi 15 hadi inchi 18, na ndani yake kukapatikana nafasi ya breki kubwa. Breki kubwa zinafupisha sehemu ya kufunga breki kabla ya kona, na pale ndipo zamani watu walipokuwa wakipitana kwenye viwanja vifupi. Tatu, gia boksi ni ya gia 5 na mtu anaweza kushusha gia katikati ya kona. Dereva aliyekosea anashusha gia, anapata nguvu, kosa linafutika kabla aliye nyuma hajalitumia.

Kwa injini, kuna jambo la kutia moyo. Nguvu ya kawaida ilikuwa farasi 670. Kuanzia msimu wa 2026 viwanja vilivyo chini ya maili 1.5 vinatumia farasi 750. Kwa maoni yetu faida kubwa zaidi haitakuwa kasi kwenye njia iliyonyooka. Itakuwa kwenye tairi la nyuma: nguvu ikizidi, mguu wa dereva ndio unaoamua kama mpira utadumu, na uchakavu ndio unaoleta kupitana.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa spana, tazama piti kwa makini. Wanaoruka ukuta ni watano: wawili wa kufungua na kufunga matairi, mmoja wa kubeba, mmoja wa jeki, mmoja wa mafuta. Timu nzuri inabadili matairi manne kwa sekunde 9 hadi 11. Katika muda huo wanaweza kurekebisha mambo mawili tu ya maana. La kwanza ni spana ndefu inayoingizwa kupitia tundu la kioo cha nyuma ili kukaza au kulegeza springi. Gari likigoma kuingia kona, wanapunguza uzito unaokaa kwenye pembe ya mbele kulia na nyuma kushoto, na nyuma inalegea. Nyuma ikiserereka, wanauongeza. La pili ni upepo wa tairi, ambao unapangwa kabla seti haijafungwa. Kuongeza kidogo tairi la nyuma kulia kunalegeza nyuma, kupunguza kunaikaza. Wanaongea kwa nusu pauni, na nusu pauni inaonekana kwenye saa.

Kuhusu ile nati moja ya katikati uliyoandika mwishoni mwa barua yako: haifunguki kwa sababu ni moja. Inaleta balaa pale ringi isipokaa sawasawa kwenye pini zake. Bunduki ya kufungia inalia kama imekaza, mkono unahisi imekaza, kumbe kuna mwanya. Gari likipita kona mbili tatu ringi inajipanga kwenye pini, mwanya unafunguka, nati inalegea. Tairi likichomoka gari likiwa uwanjani, adhabu ni mizunguko 2 na mafundi wawili kufungiwa mbio 2. Dereva akihisi mtikisiko akarudi piti mwenyewe, anapoteza nafasi tu.

Shikamoo mhariri. Mbio za maili 600 za Charlotte zinaanza saa saba usiku kwa saa zetu na zinaisha alfajiri. Jumatatu nawahi kivuko. Kwa nini maili 600? Na kama siwezi kukesha, niangalie sehemu gani? – Dada wa Kigamboni

Marahaba, dada. Uwanja wa Darlington ulikuwa na mbio za maili 500 tangu 1950, Daytona ikaanzisha zake mwaka 1959. Charlotte ikafungua uwanja mwaka 1960 na kutaka kitu ambacho mwingine hana, ikaongeza maili 100. Leo zinaitwa Coca-Cola 600: mizunguko 400 kwenye uwanja wa maili 1.5, jumla kilomita 966. Ni zaidi ya Dar hadi Mbeya, na mwenye usukani ni mtu mmoja ndani ya gari lisilo na kiyoyozi, joto likipita nyuzi 50.

Urefu ule una kazi yake. Mbio zinaanza jua likiwa bado linaipiga lami na zinaisha taa zikiwaka. Lami ya moto inateleza, lami iliyopoa inashika. Gari lililopangwa likimbie vizuri saa ya kwanza litagoma kona saa ya tatu. Mkuu wa mafundi anachagua: ateseke mchana ili awe na gari la usiku, au aongoze mapema na kulifukuzia gari lake kwa spana kila anaporudi piti. Uamuzi huo haupo kwenye mbio za maili 300.

Tunakubali kwamba maili 600 zinaweza kuwa za mtu mmoja. Mwaka 2016 Martin Truex Jr. aliongoza mizunguko 392 kati ya 400. Hizo ni maili 588 za kuongoza, rekodi. Lakini mwaka 2025 William Byron aliongoza 283 na kombe hakulipata. Ross Chastain alikuwa amevunja gari lake mazoezini Jumamosi, timu ikaandaa gari la akiba usiku, akaanza wa mwisho, nafasi ya 40, na kumpita Byron ikibaki mizunguko 6. Mtu wa mwisho hawezi kufika mbele kwa maili 250 bila bahati kubwa ya bendera za njano, zile za tahadhari zinazopunguza mwendo na kuyakusanya magari pamoja. Kwa maili 600 alifika kwa kupunguza kero moja ya gari kila aliporudi piti.

Kwa usingizi wako: mbio hizi zimegawanywa hatua nne za mizunguko 100. Hatua moja ikiwa na bendera za njano za kawaida inachukua karibu saa nzima. Weka kengele ya simu saa kumi alfajiri, utaikuta hatua ya nne inaanza au inakaribia. Ukitaka kipande kimoja cha nyongeza, chukua mizunguko 20 ya mwanzo kabla ya kulala, uandike nani analalamika redioni kwamba nyuma inaserereka. Huyo ndiye wa kumtafuta alfajiri, maana lami ikipoa itamkazia gari bila fundi kuligusa. Uwe na akiba ya muda lakini. Mwaka 2022 bendera ya njano karibu na mwisho ilifanya mbio hizi ziongezwe hadi mizunguko 413, maili 619.5, zikapita saa tano, na hakuna mbio za NASCAR zilizowahi kwenda umbali mrefu zaidi.

Mhariri, acheni kutetea mbio ndefu. Mpira dakika 90 zinatutosha, Simba na Yanga hakuna anayeomba dakika 200. Wape maili 200 au 250, kila mtu atakanyaga mafuta tangu mwanzo na hakutakuwa na mbabe. – Kijana wa Ubungo

Mdogo wetu, jaribio lako limeshafanyika, tena kwa miaka zaidi ya ishirini. Tangu mwisho wa miaka ya 1940 hadi 1971 ratiba ilijaa mbio fupi, nyingi za maili 100 hivi, nyingine kwenye udongo, na wiki moja ingeweza kuwa na mbio mbili. Katika mazingira hayohayo Richard Petty alishinda mbio 27 mwaka 1967, na 10 kati ya hizo zilifuatana. Hakuna aliyemkaribia hadi leo. Mwaka 1972 mbio za chini ya maili 250 zikaondolewa na ratiba ikashuka hadi mbio 31. Tangu hapo kilele cha msimu ni ushindi 13, Petty mwenyewe mwaka 1975 na Jeff Gordon mwaka 1998. Larson mwaka 2021, msimu ambao wengi kijiweni mnautaja kama wa kuchosha, alishinda 10. Zama za mbio fupi ndizo zama za mbabe mkubwa kuliko wote.

Sababu si ngumu kuiona. Mbio fupi zina piti chache, na pengine hazina kabisa. Mwenye gari bora anahitaji kufanya vizuri kitu kimoja tu: kuanza. Kila piti ni mtihani mpya ambapo jeki inaweza kuteleza, nati ikakataa, mafuta yakamwagika. Ukiondoa mitihani umemsaidia mbabe.

Mfano wa karibu zaidi ni Martinsville, uwanja wa maili 0.526. Mbio za Aprili 2022 zilikatwa kutoka mizunguko 500 hadi 400, kwa hoja kama yako. Chase Elliott aliongoza 185 ya kwanza mfululizo. William Byron akachukua uongozi piti, akaongoza 212 na kushinda. Mbio ziliongezwa kidogo hadi 403, na watu wawili waliongoza 397. Usiku ulikuwa wa baridi, tairi halikula, hewa ikafanya kazi yake. Walikata mizunguko 100 na hawakupata hata robo ya walichotaka.

Hata hivyo haki yako tunakupa mahali pamoja. Pocono ilikuwa maili 500 kwenye uwanja wa maili 2.5 wenye kona tatu tu, na mwaka 2012 ikashushwa hadi 400. Haikupoteza kitu. Uwanja ule haumpi fundi lami inayobadilika wala tairi linalokwisha, kwa hiyo maili 100 za katikati zilikuwa za kuzunguka tu. Tungekubali hoja hiyo pia kwenye viwanja vya barabara vya kona nyingi. Tusichokubali ni kugusa Charlotte, Darlington na Daytona.

Na Daytona imewahi kuguswa. Mwaka 1974, wakati wa uhaba wa mafuta, mbio zilipunguzwa kwa asilimia 10. Daytona 500 ikawa maili 450, na hesabu ikaanza mzunguko wa 21. Aliyeshinda alikuwa Richard Petty, yuleyule aliyeshinda mwaka uliotangulia kwa maili 500 kamili.

Ushindi mkubwa kuliko wote ni upi, na unaweza kurudiwa? – Msomaji, Magomeni

Ned Jarrett, Darlington, 1965. Alimaliza mizunguko 14 mbele ya wa pili, maili 19.25, kama kilomita 31. Wenye kasi waliokuwa mbele yake waliharibikiwa magari, yeye akalipeleka lake polepole hadi mwisho likiwa na joto la injini.

Hauwezi kurudiwa. Tangu 2003 bendera ya njano ikitoka gari la kwanza lililopitwa mzunguko linarudishiwa mzunguko wake bure. Tangu 2009 magari mengine yanaweza kuzungushwa mbele kabla ya kuanza upya, yakikubali kutoingia piti. Ongeza kwamba tangu 2017 mbio zina hatua, na kila hatua ikiisha bendera ya njano inatoka na pengo lote linafutwa. Mara ya mwisho mshindi kuwapita wote mzunguko mzima ilikuwa Geoff Bodine, North Wilkesboro, Oktoba 1994.

Kwa wanaodhani mtu akiachwa ndiyo basi: mwaka 1985 Talladega, Bill Elliott aliachwa karibu mizunguko miwili kwa hitilafu ya bomba la oili, karibu maili 5. Hakukuwa na huruma ya kurudishiwa mzunguko. Aliirudisha yote kwa kasi, bendera ya kijani ikipepea, yaani mbio zikiwa kwenye kasi kamili, akashinda. Maili 500 zilimpa nafasi ya kufanya hivyo.

Na ushindi wa karibu zaidi? – Msomaji, Mbagala

Sekunde 0.001, Kansas, Mei 2024. Mshindi alikuwa Larson huyohuyo mnayemwita mbabe, mbele ya Chris Buescher. Miezi minne baadaye ndipo akaitawala Bristol. Dereva yuleyule, gari la aina ileile, viwanja viwili tofauti kwa tairi na kwa hewa.

Mbona Talladega na Daytona siku hizi wanakwenda taratibu katikati ya mbio? Nasikia wanabana mafuta. Hiyo si hoja ya kufupisha? – Msomaji, Tabata

Hapa malalamiko ni ya haki. Tangi linachukua galoni 20, kama lita 76, na gari likikanyagwa mafuta muda wote linamaliza tangi kwa maili 100 hivi, kutegemea uwanja. Talladega ni mizunguko 188 ya maili 2.66, Daytona ni 200 ya maili 2.5. Injini zinabanwa hadi farasi 510 hivi, kila gari lina kasi ileile kwenye msafara, na kupita ni kazi. Piti ndiyo njia rahisi ya kwenda mbele. Matairi yanabadilishwa haraka kuliko mafuta yanavyoingia, kwa hiyo anayehitaji lita chache anatoka wa kwanza. Hesabu hiyo inamwambia kila dereva aende nusu mafuta, watatu watatu kwa safu, hadi piti ya mwisho.

Namna wanavyobana ni hii. Wanaachia mafuta mapema kabla ya kona na kuliacha gari litiririke. Wanajificha nyuma ya bampa la mwenzao ambako hewa ni nyepesi. Bendera ya njano ikitoka wengine wanazima injini kwenye mteremko wa kona na kuiwasha tena chini. Hili la mwisho ni la hatari: shinikizo la mafuta likishuka, injini inakohoa pale bendera ya kijani inapotoka na gari zima la nyuma linakugonga.

Ukifupisha hadi maili 400 hutaponya, utapunguza tu piti moja na wataibana iliyobaki. Dawa ni kupanga hatua ili ya mwisho iwe na urefu unaokwenda kwa tangi moja bila kubana, au unaolazimisha piti mbili waziwazi. Hesabu ya katikati, pale ambapo tangi linakaribia kutosha, ndiyo inayoleta mwendo wa polepole.

Lakini usidhani mafuta ni ubaya mtupu. Nashville, Juni 2024, mbio za mizunguko 300 ziliongezwa mara tano hadi zikafika 331. Joey Logano alikuwa amekwenda zaidi ya mizunguko 100 tangu kujaza, wenzake wakaishiwa au wakaingia piti, yeye akashinda.

Tunabishana kila Jumatatu kijiweni kama mbio zilikuwa za mtu mmoja au la. Kuna namna ya kupima? – Msomaji, Mwenge

Ipo, na inahitaji daftari na simu yenye saa ya kupimia tu. Idadi ya mizunguko aliyoongoza mshindi peke yake inadanganya, kama Byron alivyoongoza 283 na kushindwa.

Andika uongozi ulibadilika mara ngapi, lakini tenga safu mbili: uliobadilika uwanjani kwa bendera ya kijani na uliobadilika piti. Mbio zenye mabadiliko 20 ambayo 17 ni ya piti hazikuwa na ushindani uwanjani, hata mtangazaji aseme nini. Kisha andika magari mangapi yalimaliza bila kupitwa mzunguko. Wachache pamoja na mabadiliko mengi ya kijani, kama Bristol ya Machi, maana yake tairi lilikula na wenye akili walibaki. Wengi pamoja na mabadiliko machache maana yake magari yalikuwa na kasi moja na hewa ilifunga mlango.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kushuka kwa kasi. Baada ya kuanza upya kwa matairi mapya, pima mzunguko wa 5 wa gari linaloongoza, si wa kwanza, maana wa kwanza tairi halijapata joto. Pima tena mzunguko wa 35 wa gari lilelile kama hakuna bendera ya njano katikati. Kumbuka kwamba katika mizunguko hiyo mafuta yanapungua, na tangi zima ni zaidi ya kilo 55, kwa hiyo gari linakuwa jepesi na lingepaswa kuwa na kasi zaidi. Likiwa polepole, tairi limepoteza kuliko saa inavyoonyesha. Darlington, kwenye lami yake inayokwangua, utaona sekunde 2 na zaidi zikipotea, na pale kupitana hakukosekani. Kwenye uwanja wa maili 1.5, tofauti ikiwa chini ya nusu sekunde, aliyetoka piti wa kwanza ana nafasi kubwa ya kubaki wa kwanza, ziwe maili 250 au 600.

Pima magari mawili, la kwanza na la kumi, kwa mizunguko hiyohiyo. La kumi likipoteza zaidi ya la kwanza wakati yote yana matairi ya umri mmoja, andika hewa. Yakipoteza sawa, andika tairi, kisha Jumatatu mbishane kuhusu dereva.